Msikilizeni Kwanza: Barua ya Wazi kwa Wanaofundisha Sheria

Kwa wakuu wa vitivo na shule za sheria nchini, wajumbe wa bodi za mitihani, na wahadhiri wenzangu.

YAH: MWANAFUNZI ANAYEHUKUMIWA BILA KUSIKILIZWA

Ndugu zangu,

Barua zetu za ofisini huanza kwa "husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu". Hii naomba niianze kwa kukiri kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Ni miaka kadhaa sasa. Nilikuwa nafundisha Sheria ya Utawala, mwaka wa pili, kipindi cha saa mbili asubuhi, katika ukumbi ambao wanafunzi walizidi viti. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi. Mada ya siku ile ilikuwa haki ya kusikilizwa, na kesi niliyowapa wakaisome ni ile tunayowapa wote: Ridge v Baldwin, ya mkuu wa polisi wa Brighton aliyefukuzwa kazi mwaka 1958 bila kuitwa ajieleze, mpaka mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikasema kufukuzwa kule kulikuwa batili.

Karibu na mlango alikaa kijana, kichwa kimeinama. Nikamnyooshea kidole. "Wewe mwenye shati la bluu, tupe hoja za Ridge." Akasimama. Akashika meza kwa mikono miwili. Hakusema neno. Nikasubiri, na nisiwadanganye kwamba nilisubiri kwa huruma. Ukimya ule ulinipa ukubwa mbele ya ukumbi. Kila ambaye hakusoma alikuwa amejikunyata pale alipo. Nikatazama saa. Kisha nikasema, "Kaa chini. Sheria si ya kila mtu, hata mashamba yanahitaji watu." Ukumbi ukaangua kicheko. Na yeye akacheka kidogo, kama mtu anayelipa nauli, akakaa.

Hakurudi tena kwenye kipindi changu. Mwisho wa muhula alikuja mbele ya bodi ya mitihani, au tuseme ilikuja namba yake ya usajili, maana pale majina hatuyasomi. Jaribio: sifuri. Mtihani wa mwisho: hakufanya. Maelezo: hakuna. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kusema. Chai ilikuwa inaingia. "Disko," akasema mtu, yaani aondolewe masomoni, tukaenda namba inayofuata. Sidhani kama tulitumia nusu dakika.

Baada ya miezi miwili mama mmoja alibisha hodi ofisini kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Singida. Akafungua kitenge alichokuwa amefungia vitu vyake, akatoa daftari dogo, lile wanalotuuzia dirishani tunapokwenda hospitali bila la kwetu, jalada limechakaa pembeni. "Mwalimu, mimi sijui Kiingereza," akasema, "lakini wameniambia haya yameandikwa ugonjwa."

Yalikuwa yameandikwa ugonjwa. Mwandiko wa daktari, tarehe, sonona, jina la dawa, tarehe ya kurudi. Nikafungua kabrasha langu la muhula. Tarehe ya kwanza kliniki ilikuwa wiki tatu kabla ya kipindi kile cha shati la bluu. Tarehe ya kurudi kliniki iliangukia siku ya jaribio langu. Kliniki hakwenda. Alikuja kwenye jaribio, akaandika namba yake juu ya karatasi, akairudisha tupu. Karatasi ile niliisahihisha kwa mkono wangu. Niliiandikia sifuri na kuizungushia duara.

Nikamweleza mama kwamba kanuni zinatoa muda wa kukata rufaa na muda ule umekwisha. Akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo madirishani. Halafu akauliza swali moja tu. "Ile barua ya kumwita aje ajieleze mliipeleka wapi? Maana nyumbani haikufika." Nikanyamaza. Akaendelea, kwa upole, akidhani hajaeleweka: "Kwetu kwenye baraza la kata, hata mtu akisingiziwa mbuzi, anaitwa kwanza."

Ndugu zangu, barua ile haikuwahi kuandikwa. Na ndilo jambo pekee nililokuja kulisema. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba yetu tunaifundisha kila mwaka: mtu anapoamuliwa haki na wajibu wake, ana haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Tunawasomesha Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina Mwakyoma, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema haki hii kwetu ni ya kikatiba, haiishii kwenye kanuni tulizorithi. Tunawauliza kwenye mtihani, na asiyejibu tunamfelisha. Kisha tunaingia chumba cha bodi na kuamua maisha ya mtu kwa namba yake ya usajili, chai ikiwa inaingia.

Mimi si daktari na sitajifanya daktari. Ila baada ya siku ile nilikwenda kuwauliza wanaojua. Neno sonona limetoka kwenye kitenzi tulichokuwa nacho tangu zamani, kusonona, kuumia moyoni kwa ndani kwa ndani. Daktari hutazama dalili zinazodumu wiki mbili au zaidi: raha imeondoka hata kwa mambo uliyoyapenda, usingizi umekatika au umezidi, chakula hakipiti, mwili mzito, akili haishiki unachosoma, unajiona huna thamani, na kwa wengine mawazo ya kufa. Ugonjwa huu unatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Lakini dawa zake huchukua wiki kadhaa kabla mgonjwa hajaonja nafuu, na hapo ndipo kadi ya kliniki inapogombana na ratiba ya chuo. Muhula haumngoji mtu.

Hebu irudieni orodha ile kwa jicho letu la walimu. Akili haishiki anachosoma: tunaandika mzembe. Usingizi umezidi: mtoro. Haongei darasani: hajasoma. Amejitenga na wenzake: anajiona. Kila dalili tumeitafutia kosa lake. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tuliopo juu ya udongo tumekuwa wepesi mno wa kuieleza.

Mtaniuliza, kwa nini sheria? Mbona udaktari ni mgumu, na uhandisi una hesabu zake? Kweli, na huko nako wapo wanaoumia. Lakini sisi tuna yetu.

Kwanza ni yule anayekuja kwetu. Siku anapopata nafasi ya kusoma sheria, mtaani wanaanza kumwita wakili kabla hajanunua hata daftari. Kuna mjomba ana kesi ya shamba, anamsubiri amalize. Kuna wadogo zake wanaosubiri zamu yao ya ada. Kijijini alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la tatu, na sasa amekaa kwenye kimbweta saa saba usiku na hukumu ya kurasa sitini, ya Kiingereza cha majaji wa kale, na wenzake walio pembeni yake nao walikuwa wa kwanza huko walikotoka. Boom, ile fedha ya mkopo, limeishia kwenye fotokopi na chakula. Akipata sapu, mtihani wa kurudia, anampigia nani? Nyumbani wanamjua wakili.

Pili ni jinsi tunavyomfunza kufikiri. Tunampa mkataba na kumwambia ausome mstari kwa mstari akijiuliza: hapa patatokea ubaya gani? Nani atadanganya? Nani hatalipa? Ndiyo kazi yetu, na mteja anatulipa kwa hilo. Lakini jicho hilo halivuliwi kama joho. Kijana anarudi nalo hosteli na kujisoma nalo mwenyewe, akitafuta palipo pabovu, na anayetafuta ubovu kwa bidii hakosi kuupata. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Martin Seligman akiwa mmoja wao, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Virginia. Waliokuwa na mazoea ya kutarajia mabaya ndio waliofanya vizuri zaidi kwenye mitihani. Kwa maneno mengine, tabia inayompa mtu alama kwetu ndiyo inayomla akiwa peke yake.

Tatu ni sisi wenyewe. Mwaka 1986 Andrew Benjamin na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Arizona. Waliwapima wanafunzi kabla hawajaanza kusoma sheria, wakakuta hali yao ya akili haina tofauti na ya watu wengine. Kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza, asilimia 32 walikuwa na dalili za sonona. Kufikia mwaka wa tatu, asilimia 40. Hawakuja nazo, walizikuta kwetu. Miaka 30 baadaye, mwaka 2016, ulichapishwa uchunguzi mwingine wa Marekani uliowahoji wanafunzi wa sheria zaidi ya 3,300 wa vyuo 15. Asilimia 17 walionekana kuwa na dalili za sonona, na wengi walisema wangesita kutafuta msaada kwa kuogopa kwamba ikijulikana watanyimwa uwakili.

Sisemi Dodoma ni Arizona. Nasema hukumu ndefu, ukumbi uliojaa, mwalimu anayenyoosha kidole na hofu ya kuonekana dhaifu ni vitu tunavyovijua bila kutafsiriwa.

Mnakumbuka Oktoba ya mwaka 2022. Matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo sote tunaiita Law School, yalitoka, na nchi nzima ikayazungumza. Waliofanya mitihani walikuwa 633. Waliofaulu moja kwa moja 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342. Waliofeli kabisa 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dkt. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo. Redioni, kwenye daladala, kwenye korido zetu, watu waligawanyika: kosa ni la vyuo vikuu, hapana, ni la taasisi, hapana, ni la vijana wa siku hizi na Kiingereza chao. Na mimi nilikuwa na maoni yangu na niliyatoa kwa sauti kubwa. Lakini katika mazungumzo yote niliyokaa mimi, hakuna aliyeuliza wale 265 walilalaje usiku ule. Mtu aliyesoma miaka ya shahada, akakopa nauli ya kwenda Dar es Salaam, akavaa suti nyeusi mwaka mzima, ameamka asubuhi akiwa mada ya mjadala. Kila mtu anazungumza juu yake. Hakuna anayezungumza naye.

Sasa fikirini mwanafunzi huyo anajua nini kuhusu akili ya binadamu kutokana na masomo yetu. Anakutana nayo mara tatu. Kwanza kama utetezi wa mshtakiwa: kanuni za M'Naghten za mwaka 1843 na kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu, yule asiyejua alitendalo. Pili kama makaratasi: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, nani apelekwe hospitali na kwa amri ya nani. Tatu kama kosa la jinai: kifungu cha 217, nilichokikariri mimi na nikawakaririsha wengine, kinachosema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Basi. Kichaa, mgonjwa aliyefungiwa, mhalifu. Katika watu hao watatu, kijana aliyeshindwa kulala wiki ya tatu mfululizo ajiweke wapi?

Majirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu pacha, cha 226. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya kule, kwa hukumu ya Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba yao. Hukumu hiyo naomba tuifundishe, na tuifundishe polepole. Ukumbini kuna mtu anayekisikiliza kifungu cha 217 kama taarifa juu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikikipitia kwa dakika mbili, na mzaha mmoja juu ya namna ya kumshtaki aliyefanikiwa. Mzaha ule siutumii tena.

Mizaha yetu ina historia ndefu. Hospitali ya Mirembe ilianza Dodoma mwaka 1927 na imewatibu watu wa nchi hii kwa vizazi, lakini jina lake tumeligeuza kuwa tusi la kirafiki: "Huyu wa Mirembe." Ukikosea sentensi, Mirembe. Ukicheka peke yako, Mirembe. Na mtaani kuna imani kwamba fulani alisoma sana mpaka akachanganyikiwa, kana kwamba vitabu ni moshi. Kijana aliyekulia kwenye maneno hayo, halafu akapewa jina la "msomi" analobeba kila wakili, hawezi kuingia mlango wa kliniki bila kwanza kutazama kushoto na kulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema. Lakini ni nani aliyemfundisha kuyaficha?

Najua majibu yenu, kwa sababu yalikuwa majibu yangu.

Mtasema: sisi tulisoma hivi hivi, tukasimamishwa, tukachekwa, na tumetoka. Ni kweli tumetoka. Ila hesabu hiyo inafanywa na waliotoka. Mimi nikijaribu kuwakumbuka tulioanza nao mwaka wa kwanza, kuna sura tatu au nne zinazoishia muhula wa tatu, na sijawahi kujiuliza zilikwenda wapi mpaka mama wa Singida alipokaa kwenye kiti changu.

Mtasema: mahakamani hakuna wa kumbembeleza, bora azoee. Lakini kumbukeni mahakama zenyewe. Wakili akiumwa, mwenzake anasimama na kuomba ahirisho, hakimu anauliza upande wa pili kama una pingamizi, anapanga tarehe nyingine. Shahidi akishikwa na kilio kizimbani, anapewa maji. Hata mshtakiwa wa mauaji haambiwi akae chini, uhuru si wa kila mtu. Ukali ule wa ukumbini tumeutunga wenyewe. Mahakama zetu tunazisingizia.

Mtasema pia: tukilegeza, tutatoa mawakili wabovu, na wananchi watapoteza mashamba na uhuru wao. Hapo nakubaliana nanyi asilimia mia. Sikuja kuomba alama. Yule kijana hakuhitaji alama zangu za bure. Alihitaji tarehe nyingine ya jaribio. Mtihani ubaki mgumu vile vile. Kinachobadilika ni kwamba anayeufanya awe mzima, au awe amepewa nafasi ya kupona kwanza.

Kwa hiyo naomba mambo manne, na yote ni matawi ya lile moja la mama.

La kwanza, asiondolewe mwanafunzi kabla ya kuitwa. Mwanafunzi akikosekana wiki mbili, mtu ampigie simu. Akifika mbele ya bodi na pengo lisiloelezeka, bodi isimame hapo mpaka mmoja wetu awe amekaa naye uso kwa uso na kumuuliza kilichotokea, kwa Kiswahili au kwa lugha yoyote anayolilia. Maumivu hayaelezeki kwa Kiingereza cha mtihani. Kama tunaona kazi hiyo ni nyingi, basi tujue baraza la kata lenye meza moja na wazee wachache limetushinda.

La pili, cheti cha sonona kipokelewe kama cha malaria. Wa malaria tunamwahirishia mtihani bila hata kusoma mstari wa pili. Wa sonona tunaigeuza karatasi yake pande zote mbili, tunapiga simu hospitali, tunanong'onezana kama kweli ataweza kazi hii. Andikeni kwenye kanuni, kwa maneno yasiyo na kona, kwamba ugonjwa wa akili ni sababu ya kutosha ya kuahirisha mtihani au muhula, na kwamba kutibiwa hakuhesabiwi kuwa doa la tabia njema kwa anayetaka kuwa wakili. Halafu mwambieni mwanafunzi hivyo wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kabla uvumi haujamfikia.

La tatu, mshauri nasaha awe na mlango wake. Mahali nilipofundisha, chumba cha ushauri kilitazamana na ubao wa matokeo. Anayeingia kule anaonekana na darasa zima lililopanga foleni kutazama alama. Na mshauri mwenyewe alikuwa mhadhiri mwenzetu, anayesahihisha mitihani ya hao hao anaowasikiliza. Tungekuwa mahakamani tungemtaka ajitoe kwenye shauri. Tafuteni mtaalamu aliyesomea kazi hiyo, asiye na kalamu nyekundu, na pale mnaposhindwa kumlipa, fanyeni mapatano na kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa iliyo jirani, ili mwanafunzi ajue jina la mtu wa kumwendea na siku anayopatikana.

La nne linatuhusu sisi wenye chaki, na halihitaji bajeti. Tuulize maswali, tena magumu. Tusiuchekeshe ukumbi juu ya mtu. Nimebadilisha njia yangu: siku hizi nikimuuliza mtu na akanyamaza, nasema, "Sawa, tutarudi kwako," naendelea, na baada ya kipindi namsogelea pale mlangoni. Wengi huniambia hawakusoma, na tunacheka. Wawili mpaka sasa waliniambia jambo lingine. Wawili hao nisingewajua kamwe kwa njia ya zamani.

Nawaambia na wanafunzi mtakaoisoma barua hii, ingawa haikuandikwa kwenu: ukijikuta kwenye ile orodha kwa wiki ya pili, mwambie mtu mmoja. Anaweza kuwa wa chumbani kwako, dada yako, sheikh au mchungaji, au muuguzi wa zahanati ya chuo. Mawazo ya kufa yakikujia, usikae nayo mpaka kesho. Nenda nayo hospitali usiku huo huo, na uende na mtu. Wakili haruhusiwi kuwa shahidi kwenye kesi anayoiendesha, na wewe usiwe hakimu katika kesi yako.

Nilichelewa kumtafuta yule kijana. Namba ya simu mama aliniachia siku ile ile, nikaiweka kwenye droo, na aibu ikaniambia kila wiki kwamba wiki ijayo inafaa zaidi. Siku nilipopiga alipokea haraka. "Shikamoo mwalimu." Nikashindwa hata kuitikia vizuri. Alikuwa anamsaidia mjomba wake kwenye biashara ya mafuta ya alizeti, anakwenda kliniki kila mwezi, usingizi umerudi. Nikamwomba radhi. Nikamwambia maneno yale niliyoyasema mbele ya watu, niliyarudia kama yalivyo, ili nisiombe radhi kwa kosa dogo kuliko nililolitenda.

Akakaa kimya kidogo, kimya kile kile. Kisha akasema, "Mwalimu, siku ile jibu nilikuwa nalo."

Akanieleza Ridge. Jinsi mahakama ya jinai ilivyomwachia huru kwanza, halafu kamati ikakaa na kumfukuza bila kumwita, na kwamba mtu huyo hakuwa hata anapigania kurudi kazini, sana sana alikuwa anapigania pensheni yake. Habari ya pensheni mimi sikuwa nimeitaja kwenye kipindi. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. "Mdomo haukufunguka," akajibu. "Nilikuwa nasikia maneno yote kichwani, yamepangwa, ila yalikuwa mbali."

Ameomba kuanza upya chuo kingine, mwaka wa kwanza, kana kwamba hajawahi kusoma. Jina lake sikulitaja na sitalitaja, na shati la bluu lazima limekwishachakaa. Kwa hiyo akiingia kwenye ukumbi wa mmoja wenu hamtamtambua. Huenda atakaa karibu na mlango.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhadhiri wa Sheria ya Utawala